Do, Fa, So: Jinsi "Amina" Ilivyofika Msasani

Karatasi za zamani za kwaya hazikuwa na mistari mitano wala nota zenye mikia. Zilikuwa na herufi tu: d, r, m, f, s, l, t, na nukta pacha za kutenganisha mapigo. Besi anatoka f anatua d, teno l kwenda s, alto f kwenda m, soprano kang'ang'ania d yake. Tayari "Amina" imekamilika. Wataalamu wa Ulaya huuita mwisho wa aina hii kituo cha plagali.

Mfumo huo wa herufi ulianzishwa Uingereza na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, kisha mchungaji John Curwen akaueneza kuanzia miaka ya 1840. Wamisionari waliupenda kwa sababu ya gharama: taipureta ya kawaida ilitosha kuchapa wimbo wa sauti nne. Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti, aliutumia kutunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897. Tanganyika ikauchukua muziki huo kwa wimbo wake wa taifa mwaka 1961.

Vituo vingine navyo vilijifunzwa kwa sikio. Besi akitoka so na kutua do, huku ti ya juu ikipanda do, wimbo umefika nyumbani. Ukisimama kwenye so, msikilizaji anangoja. So ikiteleza kwenda la, kanisa zima linageuza shingo.

Tatizo lilikuwa lugha. Waingereza hutua do kwenye silabi ya mwisho. Sisi mkazo wetu uko kwenye "mi" ya "Amina". Do ikianguka kwa kishindo kwenye "na", tunasikika kama wageni. Mtunzi makini huitua kwenye "mi", kisha "na" ikafuata kwa pigo jepesi. Padri Stephen Mbunga alitetea muziki wa Kibantu kanisani katika kitabu chake cha mwaka 1963, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango wa lugha za wenyeji katika liturujia.

Kwenye rasi ya Msasani, katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay, alikosali Mwalimu Nyerere, na katika makanisa mengine, umbo la wimbo linalotawala ni kiitikio na mashairi: kiitikio, shairi, kiitikio tena. Binamu yake ni rondo ya akina Mozart. Siku hizi kompyuta huchapa mistari mitano, ila mwalimu wa kwaya akitaka wanateno washike sauti yao, bado huwaimbia so, la, so.