Watawala Hupita, Mungu Hudumu

Mwanzoni mwa mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya ubatizo. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipoipinga siasa hiyo, alinyang'anywa makao yake, akaishi Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa. Mwishoni mwa mwaka ule shule za Kanisa zikatwaliwa, na masomo ya dini yakafutwa madarasani. Chama kimoja kilitaka kutawala hata mioyo ya watoto.

Wazee wetu hawakuwa na silaha. Walibatiza watoto wao na kuwaita nyumbani kwa majina ya watakatifu. Tarehe 25 Desemba walisali, ingawa ilikuwa siku ya kazi. Cha Kaisari walimpa Kaisari, lakini cha Mungu hawakumpa.

Mwezi Februari 1977 serikali ilitia sahihi mapatano na Makanisa, ikayarudishia usimamizi wa shule. Mobutu mwenyewe aliondoka Kinshasa Mei 1997, akafariki Rabat, nchini Moroko, Septemba ya mwaka uleule.

Hatuyakumbuki haya ili kufurahia anguko la mtu. Twayakumbuka kwa kuwa hata leo twajaribiwa kwa njia mbili: kumwogopa mtawala kana kwamba hataondoka, au kumngojea mwingine kana kwamba ndiye Mkombozi. Mamlaka ya kila mtawala ni ya kuazimwa, naye atatoa hesabu kwa Mwenyewe. Basi, wandugu, tumwombee, tumwambie ukweli, wala tusimwabudu.