Mchungaji, sinema na wachimba dhahabu wa Johannesburg

Machi 1922 Johannesburg ilikuwa vitani. Wachimba dhahabu wazungu, waliokuwa katika mgomo tangu Januari wakihofia kwamba nafasi zao zingepewa Waafrika wanaolipwa ujira mdogo, walishika bunduki. Serikali ya Jan Smuts ikawajibu kwa mizinga na ndege. Katika ghasia hizo Waafrika nao walishambuliwa na kuuawa, na katika kambi moja ya mgodi maelfu ya wachimbaji weusi walikuwa wakijiandaa kulipiza kisasi. Ndipo alipowasili mmishonari kutoka Marekani na mtambo wake wa sinema. Charlie Chaplin akaanza kuanguka na kuinuka, kambi nzima ikaangua kicheko, na hasira ikapoa.

Hivyo ndivyo alivyosimulia Mchungaji Ray Phillips mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1930, The Bantu Are Coming. Msomaji azingatie kwamba msimulizi hapa ndiye shujaa wa kisa.

Phillips alifika Afrika Kusini mwaka 1918. Aliwakuta wanaume kutoka Msumbiji, Basutoland na Transkei wakiishi makambini kwa miezi mingi, mbali na wake na watoto wao, wakilala kwa makumi katika chumba kimoja. Jumapili ilikuwa siku ya pombe na ugomvi. Aliamini kwamba mhubiri asiyejali saa za mapumziko za mfanyakazi anapoteza wakati wake, akaanza kuonyesha sinema, huku akikata vipande alivyoona havifai kutazamwa na Waafrika. Chama cha wenye migodi kiliupenda mpango huo na kuusaidia.

Ni rahisi kuelewa kwa nini. Aliyecheka Jumamosi hushuka mgodini Jumatatu bila manung'uniko mengi. Wema wa Phillips sina sababu ya kuutilia shaka. Lakini kicheko hakikuongeza mshahara, wala hakikuondoa vumbi lililokuwa likila mapafu ya wachimbaji.

Mwaka 1924 ilifunguliwa mjini humo nyumba ya burudani na elimu kwa wanaume Waafrika, Bantu Men's Social Centre, ambayo Phillips alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1941 akaanzisha hapo chuo cha ustawi wa jamii kilichopewa jina la Jan Hofmeyr. Wafadhili wazungu walitarajia utulivu. Kumbe humo humo, Aprili 1944, ndimo ilimozaliwa Jumuiya ya Vijana ya ANC, ya akina Anton Lembede, Walter Sisulu na Nelson Mandela. Katika chuo hicho alisoma pia kijana wa Msumbiji, Eduardo Mondlane, ambaye wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam wanamkumbuka: ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichoundwa mjini mwao mwaka 1962, na ndimo alimouawa mwaka 1969.

Huko migodini nako, sinema haikutosha. Agosti 1946 wachimbaji Waafrika zaidi ya 60,000 waligoma chini ya chama chao kilichoongozwa na J.B. Marks, wakidai shilingi 10 kwa siku. Polisi waliuvunja mgomo huo kwa nguvu, na damu ikamwagika.

Miaka 66 baadaye kiongozi mwingine wa dini alikwenda kwa wachimbaji, safari hii bila mtambo wowote. Agosti 16, 2012, Askofu Johannes Seoka wa Kanisa la Anglikana, aliyekuwa rais wa Baraza la Makanisa la Afrika Kusini, alikwenda kwenye kilima cha Marikana, kaskazini magharibi ya Johannesburg. Wagomaji wa kampuni ya Lonmin, waliodai randi 12,500 kwa mwezi, walimtuma awaombe wakuu wa kampuni waje kuzungumza nao. Aliufikisha ujumbe. Wakuu walitaka kwanza silaha ziwekwe chini, na kabla askofu hajarejesha jibu kilimani, polisi walifyatua risasi na kuwaua wachimbaji 34.

Mgomo uliendelea hadi Septemba 18, yalipofikiwa makubaliano ya nyongeza ya kati ya asilimia 11 na 22. Askofu Seoka alikuwa miongoni mwa wapatanishi.