Suri mpya haitembei kwenye mashini ya zamani ya Linux: cha kufanya kabla ya kufomata

Hapa Bunia, kwenye nyumba za kuchapa na kufotokopi, kwenye mashule na maofisi madogo, bado kuna mashini za okazyoni zenye umri mkubwa. Zingine zinatumia Linux, kwa kuwa hainunuliwi na inatembea hata penye memwari kidogo. Sasa suri (kipanya) inakufa, mwenye mashini ananunua ingine sokoni, anachomeka, na mshale unabaki palepale. Hapo ndipo mtu anamwambia: « Linux ndiyo mbaya, tufomate tuweke Windows. » Kufomata ni kufuta. Pointi za wanafunzi, TFC ya mtu, barua za miaka yote, vyote vinaenda kwa sababu ya kifaa cha dola chache.

Mara nyingi kosa haliko ndani ya Linux, liko kwenye tundu. Kwanza jaribu suri hiyo kwenye mashini ingine. Ikitembea kule, angalia nyuma ya mashini yako. Tundu mbili za mviringo ni PS/2, jina lililotoka kwenye kompyuta za IBM za mwaka 1987. Ya kijani ni ya suri, ya zambarau ni ya klavie. Ukizigeuza, hakuna inayofanya kazi. Tena usichomeke suri ya PS/2 wakati mashini inawaka: mashini nyingi zinaitafuta wakati wa kuwashwa tu, na zile za zamani sana zinaweza hata kuungua. Zima, chomeka, washa. Pini zake ni 6 na zinapinda upesi, kwa hiyo usisukume kwa nguvu.

Suri za siku hizi, nyingi zikiingia kutoka Uganda kupitia Mahagi ao Aru, karibu zote ni za USB. Muuzaji atakupa adapta ndogo ya kijani ili iingie kwenye tundu ya mviringo. Hapa watu wanapoteza pesa bure. Adapta hiyo haitafsiri kitu, inaunganisha nyaya tu. Suri yenyewe lazima iwe imetengenezwa kwa kuzungumza lugha zote mbili, na nyingi za sasa hazijui ile ya zamani. Bora utafute tundu ya USB kwenye mashini, hasa ya nyuma, maana za mbele mara nyingi zimelegea. Kwa suri isiyo na kamba, angalia betri na kitufe cha chini. Kile kidude chake cha USB kikipotea, cha suri ingine kwa kawaida hakitakubali.

Kama bado, uliza Linux yenyewe. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja. Ekrani inakuwa nyeusi na kuomba jina lako na neno la siri. (Kurudi kwenye picha ni Ctrl, Alt na F7, kwa zingine F1 ao F2.) Kwa suri ya USB andika:

lsusb

Toa suri, andika tena, uone kama mstari mmoja umepotea. Ukipotea, mashini inaiona. Kisha, kwa suri ya aina yoyote:

sudo cat /dev/input/mice

Tikisa suri. Zikitokea herufi za ovyoovyo, furahi: suri ni nzima na Linux inaisikia. Simamisha kwa Ctrl na C. Kwenye klavie ya AZERTY, alama ya / inapatikana kwa Shift na kile kitufe cha nukta mbili. Kama ukiandika q inatokea a, mashini inadhani klavie yako ni QWERTY.

Kama hakuna herufi, jaribu « sudo modprobe psmouse » kwa PS/2, ao « sudo modprobe usbhid » kwa USB. Kama herufi zipo lakini mshale haujongei, mara nyingi ni faili ya zamani inayoilazimisha picha kutafuta suri iliyokufa:

sudo mv /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.zamani

Hapo jina tu ndilo linabadilika, hakuna kinachofutwa. Washa mashini upya. Linux za tangu karibu 2009 zinatafuta suri zenyewe bila faili hiyo. Za kabla ya hapo zinaihitaji: picha ikikataa, rudisha jina la kwanza, kisha ndani ya faili, penye sehemu ya suri, weka Device kuwa "/dev/input/mice" na Protocol kuwa "IMPS/2".

Wakati unangoja, kazi isilale. Kwenye mashini zingine Shift na NumLock zinageuza namba za kulia mwa klavie kuwa suri: 4 inapeleka mshale kushoto, 6 kulia, 8 juu, 2 chini, 5 ni kubonyeza. Ctrl na S inahifadhi, Alt na F4 inafunga dirisha.

Na fundi akishikilia kwamba lazima afomate, mwambie kwanza akopi kabrasha la /home lote kwenye diski ya nje, kisha ulifungue mbele yake kwenye mashini ingine.