Nyanya Hakukosea Saa

Miaka michache iliyopita nyanya yangu alipanda basi la usiku kutoka Mombasa kuja kunitembelea Nairobi. Kabla ya kuondoka alinipigia simu. "Mjukuu wangu, wanasema tutaingia saa kumi na moja. Usinichelewee." Nikasema sawa, nikaweka ukumbusho kwenye simu: 11:00. Siku hiyo nilikuwa nimeshinda ofisini nikiongea Kizungu, "the call is at eleven", "see you at four", na kichwa changu kilikuwa bado kiko huko.

Basi lilifika saa kumi na moja alfajiri. Mimi nikafika saa tano. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Nilimkuta ameketi juu ya begi lake, leso mabegani, mfuko wa maembe miguuni. Alikuwa amekaa pale muda wa saa sita nzima. Niliomba radhi, halafu kwa aibu nikatafuta cha kulaumu. "Lakini nyanya, hiyo saa yetu ya Kiswahili nayo imepinduka."

Hakukasirika. Alisema tu, "Jua limechomoza nikiliona. Sasa aliyepinduka ni nani?"

Hilo swali lilinikaa. Si unajua vile tunaongea hapa mjini? "Tupatane on Friday at saa nane, pesa nitakupa end month." Kiswahili hakihitaji hiyo "on" wala hiyo "at". Njoo Ijumaa, njoo saa nane, njoo Januari: neno la wakati linasimama lenyewe. Lakini tumezoea, na sentensi inatoka hivyo bila kufikiria. Kwenye skrini tunaona 2:00 p.m., mdomoni tunasema saa nane. Shuleni tulifundishwa kuongeza sita au kutoa sita. Hakuna mwalimu aliyesema wazi, lakini wengi wetu tulitoka darasani tukiamini kwamba saa ya Kizungu ndiyo saa yenyewe, na ile ya Kiswahili ni ya kutafsiriwa.

Basi nikaanza kuyafuatilia maneno yao ya wakati. Nikakuta mambo.

Chukua "noon". Leo maana yake ni saa sita mchana. Lakini neno lenyewe linatokana na Kilatini, "nona hora", yaani saa ya tisa. Warumi waliugawa mchana sehemu kumi na mbili wakianzia jua linapochomoza, kwa hiyo saa yao ya tisa ilikuwa alasiri. Ndiyo saa tisa yetu! Watawa wa Ulaya walikuwa na sala ya saa hiyo, na kadiri karne zilivyopita sala ikasogezwa mapema, neno nalo likaifuata, hadi kufikia karne ya 14 "noon" ikawa katikati ya mchana. Kila Mwingereza anayesema "at noon" anatamka saa tisa bila kujua.

Ndiyo maana ukisoma Injili ya Marko kwa Kiswahili, Yesu anapaza sauti msalabani saa tisa, na nyanya anaelewa palepale. Tafsiri nyingi za Kiingereza cha siku hizi zimelazimika kubadilisha, zikaandika saa tatu ya mchana wao, kwa sababu msomaji wao angepotea.

Chukua tena "Christmas Eve". Ni jioni ya kuamkia Krismasi, lakini ukiyatazama maneno yenyewe ni jioni ya Krismasi. Ni masalio ya hesabu ya zamani, siku ilipoanza jua likizama. Wazee wa Pwani bado wanahesabu hivyo: usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa. Na "fortnight" ni kifupi cha usiku kumi na nne. Waingereza wa kale nao walihesabu kwa usiku.

Sasa walihamaje? Kwanza kwa mashine. Ulaya mchana hauna urefu mmoja: London hupata karibu saa 16 na nusu za mwanga mwezi Juni, na chini ya saa 8 Desemba. Ukihesabu toka macheo, saa za kiangazi zinakuwa ndefu na za baridi fupi. Saa za mitambo zilipoenea kuanzia karne ya 14, watu wakafuata mashine. Ndipo "o'clock", kifupi cha "of the clock": saa ya mtambo, si ya jua. Hapa kwetu karibu na ikweta jua halina vituko hivyo. Linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo saa moja asubuhi ilibaki na maana.

Pili kwa reli. Bristol iko nyuma ya London kwa kama dakika 10 za jua, na kila mji ulikuwa na saa yake. Mwaka 1840 kampuni ya reli ya Great Western ikaamua stesheni zake zote zifuate saa ya London, na mwaka 1880 sheria ikaifanya kuwa saa ya Uingereza nzima. Mjini Bristol bado kuna saa ya ukutani yenye mikono miwili ya dakika, mmoja wa Bristol na mmoja wa London.

Reli hiyohiyo ndiyo walikuja kutujengea. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Jua hufika utosini Mombasa kama dakika 11 kabla ya Nairobi, karibu sawa na pengo la London na Bristol. Lakini treni haiwezi kungoja jua la kila kituo. Ratiba ikaja, ofisi zikaja, kengele za shule zikaja, zote na "at eight o'clock sharp".

Sisemi tutupe a.m. na p.m. Mimi mwenyewe nina kazi, na bosi hatanielewa nikimwambia kikao ni "at three" nikimaanisha asubuhi. Ninachokataa ni lile neno nililomwambia nyanya. Saa yake haikupinduka. Yeye alibaki pale walipokuwa watu wengi, Waingereza wakiwemo, kabla ya mashine na treni kuwahamisha.

Alikuja tena mwaka jana. Aliponipigia nikamwuliza, "Saa kumi na moja ya alfajiri ama ya jioni?" Akacheka sana. "Uliza jua litakuwa wapi."

"Litakuwa wapi, nyanya?"

"Bado halijatoka."

Nikaandika 5:00 a.m. kwenye simu. Saa kumi na nusu nilikuwa stejini, nimevaa koti zito, giza bado, nikinunua chai ya pili kwa sababu ya baridi.