JAGINA ASIYEKUFA: MAADILI YA USHUJAA NA UCHOVU WA HADHIRA, TOKA UTENDI WA LIYONGO HADI SINEMA ZA LEO

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano wa mambo mawili ambayo wahakiki wa sinema huyajadili mbalimbali: dosari za kimaadili katika filamu za majagina wa Kimarekani, na uchovu wa hadhira ya filamu hizo. Kati ya mwaka 2008 na 2023, kampuni ya Marvel peke yake ilitoa filamu 33 katika mfululizo mmoja. Avengers: Endgame (2019) iliingiza karibu dola bilioni 2.8. Miaka minne baadaye, The Marvels iliingiza takriban dola milioni 206, kiasi kidogo kuliko filamu nyingine yoyote ya mfululizo huo. Maelezo ya kawaida ni kwamba watu wameshiba. Hata Bob Iger, aliyekuwa wakati huo mkuu wa kampuni ya Disney inayoimiliki Marvel, alikiri mwaka 2023 kwamba wingi wa kazi ulikuwa umepunguza umakini.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Hadhira ya tendi za Waswahili ilisikiliza visa vilevile kizazi baada ya kizazi bila kuvichoka. Wingi peke yake, basi, hauchoshi. Dai letu ni kwamba hadhira huchoka pale kisa kinapowanyima watu wadogo thamani ya uhai wao, na wakati huohuo kinapomnyima mkubwa uhakika wa kifo chake.

Tumeichagua Kaloleni, wadi ya mji wa Voi katika Kaunti ya Taita Taveta, iwe mahali pa kusimamia. Katika lugha za Kimijikenda kulola ni kutazama, na jina Kaloleni hueleweka kuwa agizo la kwenda kutazama. Aidha, mji wa Voi umo kwenye njia ya reli iliyozaa mojawapo ya visa vya ushujaa vilivyochukuliwa na sinema za kigeni kutoka ardhi ya Kenya.

2.0 Liyongo: Kifo Chenye Gharama

Fumo Liyongo ana sifa zote za jagina wa sinema. Ana nguvu zipitazo za binadamu wa kawaida, ana adui mwenye dola, yaani mtawala wa Pate, na ana siri ya mwili wake: hauawi ila kwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Hata hivyo, ukiusoma Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, utaona mambo mawili ambayo sinema za leo zimeyapoteza.

Kwanza, jagina haokoki kwa nguvu zake peke yake. Atokapo gerezani hutoka kwa msaada wa Saada, mjakazi, aliyempelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Jamii iliyomhesabu Saada kuwa mali ya bwana bado ilihifadhi jina lake, kwa sababu bila yeye hakuna kisa. Pili, Liyongo anakufa kweli, kwa mkono wa mwanawe. Anakufa amepiga goti kisimani, mshale tayari upindeni, na watu wa mji wanaogopa kusogea kuteka maji. Msanii haishii kwenye utukufu wa maiti ile. Anatuonyesha mji mzima ukiteseka kwa kiu. Ukubwa wa shujaa unapimwa kwa gharama wanayoilipa wasio mashujaa. Nao usaliti haulipi, kwa kuwa mwana aliyemuua babake hapati alichoahidiwa. Kwa hiyo maadili ya utendi huu hayakutundikwa mwishoni kama wasia. Yamo katika muundo wa kisa chenyewe.

3.0 Tsavo, 1898: Nani Alihesabiwa?

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukapita Voi na kufika mto Tsavo mwaka 1898. Hapo, kuanzia Machi hadi Desemba, simba wawili waliwaua wafanyakazi wa daraja. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua simba hao tarehe 9 na 29 Desemba, na mwaka 1907 akachapisha kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo. Katika kitabu hicho aliwahesabu Wahindi 28 waliouawa. Ama Waafrika, alisema tu kwamba walikuwa wengi na kwamba hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Baadaye idadi ya jumla aliyoitoa ilipanda hadi 135. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kwa kuchunguza kemia ya nywele na mifupa ya simba hao ambao wamehifadhiwa Chicago katika jumba la Field Museum tangu miaka ya 1920, ulikadiria kuwa waliliwa watu wapatao 35. Yaani mwili wa mnyama ulitunza kumbukumbu ambayo ofisi ya reli haikujali kuiandika.

Jambo jingine linafunikwa na kisa hiki. Katika ujenzi wa reli nzima walikufa wafanyakazi wa Kihindi takriban 2,500, wengi wao kwa maradhi na ajali. Simba walikuwa sehemu ndogo sana ya msiba huo. Lakini simba hupigwa risasi na shujaa mmoja, ilhali maradhi ya kambi hudai maelezo kutoka kwa mwajiri. Kisa cha shujaa hapa kinafanya kazi ya kiitikadi, kwa kuwa kinageuza swali la dhamana kuwa swali la ujasiri.

Sinema ilirithi dosari hiyo na kuikuza. Bwana Devil ya Arch Oboler (1952), filamu ndefu ya kwanza ya Kimarekani ya rangi iliyotazamwa kwa miwani ya kukuza kina, ilitumia simba wa Tsavo kuwarushia watazamaji hofu usoni. The Ghost and the Darkness (1996) ilipigwa picha Afrika Kusini, ikawapa simba manyoya ya shingoni ambayo wale wa Tsavo hawakuwa nayo, na ikambuni mwindaji wa Kimarekani, Remington, ambaye hakuwepo kabisa. Palipokuwa na wafu halisi wasio na majina, wasanii waliona haja ya kuongeza shujaa wa pili.

4.0 Kutoka Tsavo Hadi Lagos ya Sinema

Msimulizi wa filamu hiyo ya 1996, Samuel, aliigizwa na John Kani wa Afrika Kusini. Miaka 20 baadaye Kani huyohuyo aliigiza T'Chaka, mfalme wa Wakanda, katika Captain America: Civil War (2016). Kutoka mhudumu wa shujaa hadi kuwa mfalme ni hatua kubwa, na hatuna sababu ya kuidharau. Black Panther (2018) iliwapa vijana wa Afrika taswira ambayo sinema kubwa hazikuwa zimewapa, na onyesho lake lililofanyika Kisumu Februari mwaka huo lilipokewa kama sherehe.

Lakini tuitazame Civil War kwa makini. Mapema ndani yake kunatokea mlipuko mjini Lagos, uliosababishwa na majagina wakiwa kazini. Kwa sifa yake, filamu inauliza nani awajibike. Hata hivyo, maombolezo yake yanawaelekea zaidi raia wa Wakanda waliokufa hapo, yaani raia wa nchi ya kubuni. Wakazi wa Lagos, mji uliopo kweli, wanabaki umati. Mgawanyo huo unafanana mno na ule wa 1907, ambapo wapo wafu wenye hesabu na wapo waliokuwa wengi tu. Kisha swali la uwajibikaji linaachwa na kuwa ugomvi wa marafiki, wanaopigana kwenye uwanja wa ndege uliokwisha kuondolewa watu, pasipo raia hata mmoja wa kuumia.

Katika Avengers: Infinity War (2018) nusu ya viumbe vyote inatoweka, mwaka uliofuata inarudishwa. Tony Stark anakufa katika Endgame, na kifo hicho kiliwaliza watazamaji kwa kuwa kilielekea kuwa cha kweli. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba mwigizaji wake, Robert Downey Jr., atarejea katika mfululizo uleule kama mhusika mwingine. Mtazamaji aliyelia ana haki ya kujiuliza alimlilia nani.

5.0 Je, "Steringi Hafi"?

Msomaji anaweza kupinga kwamba hadhira yetu wenyewe imekubali zamani kuwa steringi hafi. Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki msemo huo ulikuwa kama kanuni, na watu hawakuchoka. Pingamizi hili ni zito, na jibu lake linapatikana katika kibanda chenyewe. Filamu hazikutazamwa kimya. Nchini Tanzania Lufufu, na nchini Kenya DJ Afro, walizisimulia upya kwa Kiswahili. Msimulizi huwapa wahusika majina ya kwetu, humdhihaki shujaa anapojikweza, na humpa maneno hata mtu anayepita tu kwenye fremu. Simulizi hiyo ilirudisha kile filamu ilichokinyima, yaani sauti ya wadogo na haki ya hadhira kumhukumu mkubwa. Kanuni kwamba steringi hafi ilivumilika kwa sababu palikuwa na mtu wa kuicheka.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uchovu wa hadhira ni hukumu ya kimaadili inayotolewa na watu wasioalikwa kuhukumu. Ushahidi wa upande wa pili ni Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina. Jo, msichana mgonjwa asiye na tumaini la kupona, anatamani kuwa jagina. Kijiji kizima kinashirikiana kumtimizia ndoto hiyo. Jo hapati muujiza. Anafariki, na kijiji kinabaki na filamu waliyoitengeneza pamoja. Hapa nguvu za ajabu ni kazi ya majirani, na kifo ni kifo. Filamu hii ya gharama ndogo imemrithi Liyongo kwa uhalali zaidi kuliko filamu zote 33 tulizozitaja.

Kwa wanaofundisha fasihi, kazi iliyo mbele ni mbili. Ya kwanza ni kuusoma utendi na sinema katika darasa moja, kwa vigezo vilevile vya fani na maudhui, badala ya kuiacha sinema iwe burudani isiyohojiwa. Ya pili ni ya haraka zaidi, nayo ni kukusanya masimulizi ya familia za Voi na vitongoji vyake kuhusu babu zao waliofanya kazi kwenye reli, kabla wanaoyakumbuka hawajatutoka. Kitabu cha 1907 kilisema Waafrika hawakuandikwa. Hakuna sababu ya sentensi hiyo kuendelea kuwa kweli mikononi mwetu.