Nani Atuchagulie Kitabu?

Mwezi wa tano mwaka 1521, askari mmoja wa Hispania alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga katika vita vya Pamplona. Jina lake Inyasi wa Loyola. Akachukuliwa mpaka kwao, akalazwa muda mrefu. Kwa kuchoka kulala akaomba apewe hadithi za mashujaa wa farasi na mapanga, maana ndizo alizozipenda. Nyumbani hazikuwamo. Akaletewa maisha ya Kristu na maisha ya watakatifu. Akavisoma vitabu hivyo kwa kuwa hapakuwa na vingine, na kwa hivyo Mungu akamgeuza moyo. Mwaka 1540 Baba Mtakatifu alilikubali Shirika lake la Yesu.

Wasomaji wapenzi, habari hii twaisimulia mara nyingi ili kuonyesha faida ya kitabu chema. Lakini ndani yake mna swali ambalo hatuliulizi: nani amchagulie msomaji kitabu, na kwa njia gani? Swali hili lina historia, nayo yatuhusu sisi wa Ituri.

Kwa muda mrefu jibu la Kanisa lilikuwa hasa kukataza. Mwaka 1559 Papa Paulo IV alitoa orodha ya vitabu vilivyokatazwa, nayo ikaendelea kuongezwa na kurekebishwa kwa miaka mia nne. Haikuwekwa kwa ubaya. Mama huficha kisu mtoto asijikate. Lakini mtoto hukua, naye hana budi kujifunza kukata mboga. Mwaka 1966, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, orodha hiyo iliacha kuwa sheria. Tangu hapo Mkristu atakiwa kutumia dhamiri yake iliyofundishwa vema.

Huku kwetu Kongo, serikali ya Wabelgiji nayo ilikuwa na jibu lake. Katika miji palikuwa na maktaba za Wazungu, na mbali nazo maktaba za wenyeji. Wakubwa walifikiri kwanza ni mambo gani yawafaa watu weusi kuyajua, na yapi hayawafai. Kisha wakachagua vitabu. Msomaji mwenyewe hakuulizwa.

Mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, ulikuwa makao makuu ya Jimbo la Mashariki, na Bunia yetu ilikuwa katika jimbo hilo. Humo, katika maktaba ya wenyeji, karani mmoja wa posta alijitolea kutunza vitabu. Karani huyo ndiye Patrice Lumumba, mzaliwa wa Onalua mwaka 1925, aliyepita katika shule za misioni ya Kikatoliki na za Wametodisti. Alikuwa msomaji mkubwa. Alisoma waandishi wa Ufaransa kama Rousseau na Victor Hugo, akaandika makala katika La Voix du Congolais, gazeti lililoanzishwa Leopoldville mwaka 1945. Tarehe 30 Juni 1960 akawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi huru.

Juu ya siasa yake watu husema mengi, kila mmoja kadiri aonavyo. Sisi twatazama jambo moja tu. Walioweka maktaba za wenyeji walidhani wameweka ua, na msomaji atakoma kwenye ua. Kumbe kitabu kimoja humwita mwenzake. Mtu aliyekwisha kujua kusoma hukomi kumwongoza kwa kumfungia mlango. Utamwacha tu aende peke yake.

Ng'ambo ya Ziwa Albert mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo. Mwaka 1948 ilianzishwa ofisi ya vitabu kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yake Nairobi. Mkuu wake wa kwanza, Charles Richards, alikuwa ameongoza duka la vitabu la misioni ya Kianglikana. Ofisi hiyo ilitoa vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wenyeji, ikapeleka masanduku ya vitabu mashambani, na msomaji aliyekaa mbali aliweza kuazima kitabu kwa posta. Tuone tofauti: sanduku lilijazwa na ofisi, lakini ombi la posta lilitoka kwa msomaji mwenyewe. Hapo mtunza vitabu alianza kusikia kabla ya kutoa. Baada ya uhuru, Tanganyika ilitunga sheria ya maktaba mwaka 1963, na mwezi wa Desemba 1967 Rais Nyerere, Mkatoliki mwenzetu, alifungua maktaba kuu ya Dar es Salaam, iliyo ya watu wote.

Sasa turudi Bunia. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 vilipopita Ituri, sisi tulikuwa watoto. Twakumbuka karanga za sokoni zikifungwa kwa kurasa za vitabu vilivyoporwa. Leo katika parokia tunatunza kabati moja la vitabu, vya Kifaransa na vya Kiswahili, nasi tumekosa kama walivyokosa wengine.

Kijana mmoja, mwendesha pikipiki, alikuja kuomba kitabu. Bila kumwuliza neno tulimpa maisha ya mtakatifu mmoja wa Ulaya. Kesho yake akakirudisha. Tulidhani ni mvivu. Ndipo tukamwuliza alitaka nini, akajibu, "Mwalimu, nataka kujua kwa nini watu wa hapa huuana, na mtu afanye nini."

Kabatini kilikuwamo kitabu cha Mwenye Heri Anuarite, sista wa Jamaa Takatifu, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 katika uasi wa Simba, akimsamehe mwuaji wake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Kinshasa mwaka 1985. Kilikuwa karibu na mkono wetu siku ile ya kwanza. Kijana alikaa nacho majuma matatu. Alipokirudisha hakusema kwamba amepata jibu. Alisema, "Mimi bado siwezi kusamehe. Kuna kingine?"

Basi, yatupasa sisi tunaotunza vitabu, maparokiani na mashuleni, kushika mambo matatu. Kwanza, tumwulize msomaji anatafuta nini. Pili, tusimsifie kitabu ambacho sisi wenyewe hatujakisoma. Tatu, kitabu kinaporudi, tusikipokee kimya kama karani apokeavyo ufunguo. Tuulize tena, maana hapo ndipo kazi yaanza.

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Filipo na mtu wa Ethiopia, aliyekuwa garini akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo hakumnyang'anya kitabu, wala hakumwacha apite zake. Alimwuliza kama aelewa asomayo. Naye Mwethiopia akamwomba apande, akaketi karibu naye. Yule kijana wa pikipiki bado twamtafutia kitabu cha pili. Jumapili baada ya Misa atakuja, nasi tutaketi naye.