Kuhama Kozi Kulipokuwa Kuhama Nchi

Kati ya mwaka 1963 na 1970, kijana wa Iramba, Singida, aliyetaka kuacha sheria akasome uhandisi alipaswa kuvuka mpaka. Chuo kikuu kilikuwa kimoja tu, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na nchi tatu ziligawana vitivo vya gharama. Udaktari ulikuwa Kampala, uhandisi Nairobi, sheria kwetu Dar es Salaam. Sheria yenyewe ilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, ndipo chuo kikapanda Mlimani mwaka 1964. Sisi Wanyiramba na jirani zetu Wanyaturu tumezaliwa tukiwakuta ng'ombe nyumbani, lakini aliyetaka shahada ya kuwatibu ng'ombe hao alifunga safari hadi Kabete, Nairobi.

Mpaka ulikuwa nusu tu ya shida. Mlipaji alikuwa serikali, nayo ilikwishajiwekea lengo la kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo 1980. Nafasi yako chuoni ilikuwa na kiti chake ofisini kikikusubiri. Kuhama kozi kulikuwa kama kula mbegu. Siwalaumu waliopanga hivyo. Aliyebebwa kwa machela kutoka kijijini miaka ile hakuwa na haja ya kuelezwa kwa nini madaktari walihesabiwa mmoja mmoja.

Chuo cha Afrika Mashariki kilivunjika 1970, na Dar es Salaam ikawa chuo kikuu kamili. Udaktari ulikuwa tayari Muhimbili tangu 1968, uhandisi ukaanza Mlimani 1973. Kisha likaja Azimio la Musoma, 1974: mtu afanye kazi kwanza, chuo baadaye. Wengi husimulia azimio lile kama adhabu. Mimi naona lilitusaidia sisi wa bara, kwa maana mtu aliyekwisha kusimama mbele ya darasa lenye vumbi alifika Mlimani anajua anachokitaka. Nilifundisha kwanza, nikaingia kusoma ualimu mwaka 1982, na katika kundi letu la watu wazima, baadhi wakiwa na watoto nyumbani, sikumbuki aliyezungumzia kuhama.

Waliohama bila kuomba ni wenzetu wa kilimo. Kitivo chao kilikuwa Morogoro, chini ya Dar es Salaam. Julai 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine; wakalala wanafunzi wa chuo kimoja, wakaamka wa kingine, vitanda vilevile. Muhimbili nayo ikajitenga polepole: chuo kishiriki 1991, chuo kikuu 2007. Kila kitivo kilichoondoka kiliondoka na mlango wake. Aliyebaki Mlimani akatamani udaktari hakuwa tena anaomba kuhama kitivo. Alikuwa anaomba chuo upya.

Mwaka huohuo wa 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, kule Chimwaga, na kwa mara ya kwanza chuo kikubwa cha serikali kikawa safari ya basi ya saa chache kutoka Singida. Ndaki zake zimetawanyika vilimani, kila moja na mabweni yake. Siku hizi wanaonifuata hapa Kiomboi na simu mkononi wakitaka kuhama kozi nawauliza kwanza kombi, yaani masomo waliyosoma kidato cha tano na sita. Aliyesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) haingii uuguzi hata akilia; mlango huo ulifungwa alipoingia kidato cha tano, na hakuna ndaki itakayoufungua. Swali la pili ni tarehe, kwa sababu dirisha la uhamisho hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo na halikai. La tatu ni mkopo, maana Bodi ya Mikopo lazima ijue umehamia wapi, la sivyo bumu, pesa ya kujikimu, linachelewa na mwanafunzi anaishi kwa maandazi.

Binti mmoja wa Nduguti, wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati), alipangiwa sosholojia. Alama zake za hesabu zilikuwa nzuri kuliko za nusu ya walimu niliofanya nao kazi. Aliomba hisabati na takwimu, akakubaliwa, akapakia sanduku na ndoo kwenye bajaji kutoka ndaki moja hadi nyingine. Nauli ilikuwa ya kulipwa papo hapo, na wakapatana bei kwa Kinyiramba, kumbe dereva ni wa Kinampanda.